Saa ya Msikiti Ilipobaki Nyuma

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zetu katika imani, akina baba, akina mama na nyinyi wanafunzi wetu, kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.) aliyelipangia jua na mwezi mwendo wake kwa hesabu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumzia fadhila za kuswali kwa wakati. Leo tunaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe, tukiwa waalimu wa kufundisha nyakati hizo. Tumechelewa kuliandika kwa sababu ya haya, lakini tumeona kulificha ni kosa la pili.

Tunaishi Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi. Anayeujua mji wetu anajua umekaa chini, kati ya milima. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa milima ya Uvira upande wa Kongo. Mashariki kuna vilima vinavyopanda kuelekea ndani ya nchi. Jioni jua hujificha nyuma ya milima ile kabla halijazama kweli, na alfajiri nuru ya kwanza huzuiwa na vilima na taa za mji. Kwa hiyo mtu wa Buyenzi hawezi kutoka uani kwake akatazama mbingu akasema kwa yakini kwamba wakati umeingia. Anategemea ratiba na saa. Msikiti wetu una saa ya umeme ukutani, ile yenye tarakimu nyekundu inayoonyesha swala zote tano, na muadhini huitazama hiyo. Ufunguo wa kasha lake tulikabidhiwa sisi.

MTOTO ALITUAMBIA

Katika siku za mwisho za Shaaban mwaka 1445, yaani mwanzoni mwa Machi 2024, kijana wetu mmoja alitufuata baada ya darsa. Kijana huyu tumemsomesha tangu Juzuu Amma, na sasa anasoma mambo ya elektroniki katika shule ya ufundi.

"Maalim, nakuomba radhi," alisema. "Naona saa ya msikiti iko nyuma."

"Nyuma kiasi gani?"

"Kama dakika nne. Nimeilinganisha na simu inayopokea wakati wa setilaiti."

Tulicheka. Tukamwambia saa ile tuliirekebisha wenyewe mwishoni mwa Novemba, haijawahi kuzimika tangu siku hiyo, na simu zao hizi zina mambo mengi. Akasema, "Sawa, Maalim," akaondoka kwa adabu yake.

Jambo linalotuuma hadi leo ni somo tulilokuwa tumemaliza kulisomesha jioni ileile. Tulikuwa tumewaeleza vijana habari za muwaqqit, yule mtaalamu aliyewekwa katika misikiti mikubwa ya zamani ili ahesabu nyakati za swala. Tuliwatajia Ibn al-Shatir, muwaqqit wa Msikiti wa Umayya wa Damascus, aliyefariki mwaka 1375. Huyu alikuwa bingwa wa falaki, na mwaka 1371 alitengeneza saa kubwa ya jua kwa ajili ya mnara wa msikiti ule. Tuliwasifu wazee wale kwa kuhakiki vipimo vyao. Nusu saa baadaye akaja mtoto aliyehakiki kipimo, nasi tukamcheka.

ALFAJIRI YA MWEZI TISA

Siku ya tisa ya Ramadhani tulikuwa tumekaa kwenye daku nyumbani. Tulishika bilauri ya maji tukisubiri adhana ya msikiti wetu kama kawaida yetu. Ikasikika adhana ya msikiti wa mbali.

Mama watoto akauliza, "Baba, mbona wenzetu wameshaadhini?"

Tukajibu, "Hao wana haraka. Yetu bado." Tukanywa maji. Baada ya dakika chache muadhini wetu akaadhini.

Lakini neno lile la "yetu bado" halikutupa raha. Baada ya swala tulimwita kijana pembeni, tukamwomba apime tena mbele yetu. Tukasimama chini ya saa, yeye na simu yake, sisi tukihesabu. Saa ya msikiti ilikuwa nyuma kwa dakika nne na sekunde thelathini na kitu.

Ndugu msomaji, zingatia maana yake. Saa ikibaki nyuma, magharibi watu watafuturu wakiwa wamechelewa kidogo, na funga yao ni salama. Alfajiri ni kinyume chake. Wakati umeshaingia, saa inasema bado, na watu wanaendelea kula na kunywa. Tulikuwa na siku tisa za namna hiyo, na jamaa nzima iliyotuamini.

KWA NINI SAA HUTELEZA

Tulimuuliza kijana sababu, safari hii kwa unyenyekevu. Tunayaandika maelezo yake kwa sababu wengi wenu mna saa kama hizi majumbani na misikitini.

Ndani ya saa hizi kuna kijiwe cha kwatsi, ndilo neno lile "Quartz" linaloandikwa kwenye uso wa saa za mkononi. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba fuwele za namna hii zikibanwa hutoa umeme, na baadaye ikathibitika kuwa zikipewa umeme nazo hujikunja. Mwaka 1927 Warren Marrison alitengeneza saa ya kwatsi huko Marekani. Katika saa ya kawaida ya leo kijiwe hicho kimechongwa kama uma mdogo wenye meno mawili, na hutetema mara 32,768 kila sekunde. Namba hiyo ukiigawa kwa mbili mara kumi na tano unapata moja. Saketi inahesabu mitetemo, inagawa, na kila ikifika mwisho inasema sekunde imepita.

Tatizo ni kwamba kijiwe hakitetemi sawasawa kabisa. Kijiwe cha bei nafuu kinaweza kukosea kwa sehemu 20 katika milioni tangu kinapotoka kiwandani. Ukisikia hivyo unaona si kitu. Lakini siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo kosa hilo ni sekunde 1.7 kila siku.

Kisha kuna joto. Uma huu wa kwatsi hutengenezwa uende vizuri zaidi kwenye nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Joto likipanda juu ya hapo unatetema polepole zaidi, na likishuka chini ya hapo pia unatetema polepole zaidi. Kosa haliongezeki kwa hatua sawa: tofauti ya joto ikiwa maradufu, kosa linakuwa mara nne. Ikifika nyuzi 45, kosa ni karibu sehemu 14 katika milioni, zaidi ya sekunde moja kwa siku. Saa yetu ilitundikwa juu kabisa, karibu na mabati, na mchana kasha lake huwezi kuliegemeza mkono.

Kijana alitufanyia hesabu kwa chaki kwenye ubao wa madrasa. Weka sekunde 1.7 za kijiwe chenyewe. Ongeza 0.6 za joto, kwa kuwa ukali wa jua ni wa nusu ya siku tu. Jumla ni sekunde 2.3 kwa siku. Zidisha kwa siku 120 tangu Novemba. Jibu ni sekunde 276, yaani dakika nne na sekunde thelathini na sita. Tulitazama ubao ule, tukakumbuka jinsi tulivyomwambia kwamba saa haijawahi kuzimika. Kweli haikuzimika. Ilikuwa ikiteleza kila siku kidogo, bila kelele.

SWALI LA KIJANA

Tulipokuwa tunafuta ubao kijana aliuliza, "Maalim, tutawaambia watu?"

Tutasema kweli. Shetani alikuwa ameshatupa jibu lake. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwetu. Tungeweza kwenda usiku, tukasogeza saa mbele dakika nne na nusu, na hakuna ambaye angejua isipokuwa mtoto mmoja mwenye adabu asiyesema mbele ya wakubwa. Jamaa ingeendelea kutuheshimu, na deni lao lingebaki shingoni mwetu hadi Siku ya Kiyama.

Tulikwenda kwa shekhe wetu kabla ya adhuhuri. Alitukumbusha hadithi ya Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, kuhusu siku ya mawingu katika zama za Mtume (s.a.w.), watu walipofuturu kisha jua likaonekana. Akasema wanazuoni wengi, na miongoni mwao ni wa madhehebu yetu ya Shafii, wanaona kwamba aliyekula akidhani usiku bado upo, kisha ikambainikia kwamba alfajiri ilikuwa imeingia, atalipa siku hiyo, na hana dhambi kwa kuwa hakukusudia. Wapo wanazuoni waliosema halipi. Shekhe alitufuatisha kauli ya wengi. Aliyekuwa ameacha kula dakika tano kabla ya adhana yetu au zaidi, hadaiwi chochote. Aliyeshuku tu na asipate uhakika, funga yake ni sahihi. Aliyekuwa na uhakika kwamba alikula hadi kwenye adhana, alipe.

Usiku ule baada ya tarawehe tulisimama. Tulisema kwamba saa ilikuwa nyuma, kwamba ufunguo ni wetu, kwamba tulionywa kabla ya Ramadhani kuingia na tukapuuza. Msikiti ulinyamaza. Mzee mmoja wa safu ya mbele akasema, "Mwalimu, umetutia deni, lakini umetuambia." Wengine hawakusema kitu. Ndugu mmoja tuliyezoeana naye miaka mingi alihamia msikiti mwingine hadi Idi ikapita, na hatukuwa na haki ya kumlaumu.

Sisi tulilipa siku tisa katika Shawwal. Mama yetu mzazi hakudaiwa hata moja. Yeye huweka kikombe chini mapema kila siku, na miaka yote tulikuwa tukimwambia anajinyima bure.

NAMNA SAA INAVYOJIREKEBISHA

Baada ya kusogeza saa, tulidhani kazi imekwisha. Kijana akasema hapana. Ukisogeza saa leo, kesho inaanza kuteleza tena kwa mwendo uleule. Inatakiwa saa inayojirekebisha yenyewe.

Akatueleza njia zilizopo. Ya kwanza ni kupima kosa mara moja na kulirekebisha moja kwa moja. Hii husaidia kwa kosa la kijiwe, lakini joto hubadilika kila saa na marekebisho yale hayajui. Ya pili ni kukiweka kijiwe ndani ya kijoko kidogo chenye joto lisilobadilika. Hii ni nzuri sana, ila hula umeme mwingi. Kwetu umeme hukatika kwa saa nyingi, na wakati huo saa huishi kwa betri ndogo ya saizi ya sarafu. Betri hiyo haiwezi kulisha joko.

Njia ya tatu ni kuliacha joto libadilike, lakini kulijua. Fikra hii ni ya zamani. Katika karne ya 18 fundi seremala wa Uingereza, John Harrison, aliunganisha vipande vya shaba na chuma vinavyotanuka kwa viwango tofauti, ili joto lenyewe lirekebishe kosa linaloletwa na joto katika saa zake za kuongozea meli. Leo kazi hiyo inafanywa ndani ya chipu ndogo kuliko ukucha.

Chipu aliyoichagua kijana inaitwa DS3231. Kijiwe cha kwatsi kimo ndani yake, pamoja na kipima joto. Kila baada ya sekunde 64 inaamka, inapima joto la kijiwe, na inaangalia katika jedwali lake kosa linalotarajiwa kwa joto hilo. Kisha inaunganisha au inaondoa vikapasita vidogo sana vilivyo pembeni mwa kijiwe. Kikipunguziwa mzigo huo kijiwe kinaharakisha kidogo, kikiongezewa kinapunguza mwendo. Upimaji wenyewe huchukua chini ya robo ya sekunde. Baada ya hapo sehemu ile ya kupima inalala hadi zamu nyingine.

Hapo ndipo tulipoelewa ustadi wa waliobuni saketi hii. Chombo cha kupima kingebaki macho muda wote kingemaliza betri. Lakini joto la chumba halibadiliki kwa sekunde moja, kwa hiyo kuamka mara chache kunatosha. Kwa njia hii chipu nzima, ikiwa kwenye betri, hutumia kwa kawaida chini ya sehemu moja ya milioni ya ampea, na kwa kiwango chake cha juu sehemu tatu. Betri ya sarafu yenye miliampea-saa 220, kwa hesabu ya ubaoni, ingeiendesha zaidi ya miaka minane hata kwa kiwango hicho cha juu. Na kati ya nyuzi 0 na 40 waundaji wake wanaahidi kosa lisilozidi sehemu mbili katika milioni, yaani kama dakika moja kwa mwaka mzima.

Kijana alifungua kasha. Bahati njema chipu ya zamani ilikuwa ya familia moja na ile mpya, zinaitikia amri zilezile, hivyo hakubadili mengine. Alitufundisha jambo jingine la usalama. Bodi nyingi ndogo zinazouzwa zikiwa na chipu hii zina njia ya kuchaji betri, na betri ya kawaida ya CR2032 haifai kuchajiwa, inaweza kuvimba na kuharibika. Akaiondoa njia hiyo kwanza kwa moto wa kulehemu, ndipo akaweka betri. Kisha tukaishusha saa kutoka karibu na mabati hadi usawa wa dirisha, ili isifike nyuzi zile 45.

Hata hivyo hatukuacha kupima. Kwatsi huzeeka. Mwendo wake hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, na jedwali la joto haliujui uzee. Tumeweka daftari ndani ya kasha, na kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi kijana analinganisha saa na kuandika tofauti. Ramadhani ya mwaka 1446 ilipoingia, Machi 2025, saa ilikuwa imetofautiana kwa sekunde kumi na tisa. Ndugu yule aliyehama alikwisharudi kwetu. Alisogea hadi kwenye kasha, akasoma daftari mstari kwa mstari, akarudi kwenye safu bila kusema neno.

NASAHA KWA FAMILIA

Tuna machache ya kuwausia, na tunaanza na nafsi zetu.

Kwanza, isiaminiwe saa kwa sababu tu haijasimama. Ilinganishe na wakati wa kuaminika angalau mara moja kwa mwezi, na uandike tofauti pamoja na tarehe. Ukiandika mara tatu utaijua tabia ya saa yako.

Pili, usitundike saa karibu na mabati, jiko au dirisha la jua. Saa ya mkononi inayovaliwa hukaa katika joto lisilobadilika sana la mwili, na kwa kawaida hushika wakati vizuri kuliko iliyoachwa juani.

Tatu, badilisha betri ya akiba kabla haijaisha, na uibadilishe umeme ukiwepo, kisha hakikisha wakati.

Nne, katika Ramadhani acha kula dakika chache kabla ya alfajiri. Ndivyo mama yetu alivyosalimika.

Tano, na hili ni la waalimu na wazazi. Mtoto akikuambia una kosa, usimuulize umri wake. Muulize amepimaje. Darasani, mbele ya wenzake wote, tulimwomba radhi kijana yule kwa kicheko chetu. Aliinamisha kichwa, akasema, "Yameisha, Maalim." Tangu siku hiyo wanafunzi wetu hutusahihisha hata hati ya ubaoni, nasi tunajifunza kusubiri.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Sisi zamani tulikuwa tukingoja Ramadhani ili tujihesabu, kama tulivyokuwa tukingoja miezi minne ili tuitazame saa. Sasa tunajaribu kujihesabu kila usiku kabla ya kulala, dakika mbili tatu tu: leo joto la hasira lilitupeleka wapi, ulimi uliteleza kwa nani, na kesho tumwendee nani. Mara nyingi linalopatikana ni dogo, na dogo ni jepesi kulirekebisha.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe tulipozembea amana, azikubali funga zetu na zile tulizozilipa, awazidishie elimu vijana wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozisimamisha swala kwa nyakati zake. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.